Nimesahau Miwani: Kuishi na Disleksia Ukubwani

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie walimu vijana, habari za asubuhi.

Mwenyekiti amenitambulisha vizuri kwamba mimi ni fundi umeme. Ila mtaani kwangu natambulika pia kama mgonjwa wa macho. Nikipewa karatasi nisome mbele za watu, kwenye kikoba, kwenye jumuiya, hata kwenye kikao cha harusi, jibu langu lilikuwa moja: nimesahau miwani. Sina miwani. Sijawahi kuwa nayo. (Kicheko.)

Nilicho nacho kinaitwa disleksia. Ubongo unapata shida kuunganisha herufi na sauti zake, hata kama akili ni nzima kabisa. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy. Akiandika jina lake anaandika Precy, na kosa halioni mpaka aonyeshwe. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa kinara wa shule. Alisema hivyo zaidi ya miaka 120 iliyopita, na huku kwetu mtoto kama Percy bado anaitwa kilaza.

Tena wengi wetu hamtuoni, walimu wangu, kwa sababu Kiswahili kinatusitiri. Ukishaelewa ba be bi bo bu, unachokiona ndicho unachokitamka. Mtoto mwenye disleksia atasoma polepole, ataruka mstari, imla itamtesa, lakini darasa la saba atafika. Kidato cha kwanza ndipo Kiingereza kinapoingia karibu kila somo, na though, tough na through kila moja inadai sauti yake. Anazama. Mnaandika kwenye ripoti: aongeze bidii. Mimi niliishia kidato cha pili.

Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walilinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano, ambao lugha yao, kama yetu, husomwa jinsi ilivyoandikwa, walisoma vizuri kuliko wenzao. Lakini picha za ubongo zilikuwa zilezile kwa wote: eneo moja la upande wa kushoto lilifanya kazi kidogo kuliko kwa wasomaji wa kawaida. Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo hili ni la Wazungu, namuuliza amepima kwa lugha gani.

Jackie Stewart wa Scotland, bingwa wa dunia wa mbio za magari za Fomula 1 mwaka 1969, 1971 na 1973, alijua ana disleksia akiwa ameshavuka miaka 40, baada ya mwanawe kupimwa. Na kwangu ilikuwa hivyohivyo, maana hali hii hutembea katika ukoo. Mtaalamu akieleza habari za binti yetu, mke wangu hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi.

Watu hudhani siku ile nilipata faraja. Nilipata hasira, na ilikaa muda mrefu. Nilihesabu viboko, nikahesabu kazi nilizoziacha kwa kuogopa fomu. Na msinifariji kwamba disleksia ni kipaji. Ufundi nimeupata kwa kupanda ngazi na kuvuta nyaya miaka mingi.

Kujikubali kwangu kulianza na mambo madogo, tena ya aibu. Nilianza kuwaambia wateja: bosi, usiniandikie, nitumie sauti WhatsApp. Mmoja alichukua kazi yake akaondoka. Wengine walituma sauti, na nikagundua nao walikuwa wamechoka kuandika. Mikataba simu inanisomea. Jumuiya walipotaka nisome somo la Jumamosi, niliomba nipewe Jumatano. Nikasoma, taratibu, kidole kwenye mstari. Waliosinzia ni walewale wa kila wiki. (Kicheko.)

Bado nachanganya b na d nikichoka. Hilo haliishi. Kilichopungua ni uchovu wa kujificha, na huo ndio ulikuwa unanimaliza kuliko herufi zenyewe.

Ombi langu ni moja. Msimsimamishe mtoto asome kwa kumshtukiza. Mpeni aya yake jana yake, aende nayo nyumbani.

Maswali karibuni. Mwenye swali la maandishi, anisomee mwenyewe.