Hatua tano za 127

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Musa, ile karatasi uliyonitumia Jumanne inaishia 77.

MUSA: Na ilipaswa kuishia sifuri. Nilikuwa naipima 127 kwa mkono, kwa jaribio la Lucas-Lehmer: likiishia sifuri, namba ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Hiyo ni kabla hatujaigusa ile namba tasa kubwa iliyopatikana 2024: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, toa 1. Tarakimu 41,024,320.

REHEMA: Na baada yake tulipanga namba kamilifu, zile zinazolingana na jumla ya vigawo vyake vidogo, halafu usimbaji. Lakini hiyo 77 imetoka wapi?

MUSA: 127 ni 2 kwa kipeo cha 7, toa 1. Unaanza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2, chukua baki ya kugawanya kwa 127. Hatua ni kipeo toa 2, yaani 5. 4 inazaa 14, 14 inazaa 194.

REHEMA: Hapo usigawanye. 194 ina 128 moja, zinabaki 66. Ile moja ijumlishe na 66, unapata 67, kwa sababu kila 128 ni 127 na 1 ya ziada. Kompyuta nayo haigawanyi: inaikata namba vipande viwili, inavijumlisha.

MUSA: 67 mara 67, toa 2, ni 4,487. 128 zimo 35, zinabaki 7: 42. Inayofuata 111. Kisha 12,319: 128 zimo 96, zinabaki 31, jumla 127, yaani sifuri. Ni tasa!

REHEMA: Na wewe kwenye 67 hukutoa 2.

MUSA: Mara moja tu, nikapata 44, ikaja 29, ikaja 77. Kosa halijifuti lenyewe. Sasa weka hatua 136,279,839, biti moja igeuke kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana GIMPS, mradi wa watu wanaojitolea kompyuta zao kutafuta namba tasa za Mersenne, yaani 2 kwa kipeo fulani toa 1, huanza na jaribio jingine, la Fermat, ambalo hapa huzidisha namba ya kuanzia, msingi wa 3, na lina ukaguzi wa Gerbicz unaonasa makosa ya hesabu njiani. Kosa likionekana, hesabu inarudi pale ilipokaguliwa mwisho.

REHEMA: Jaribio hilo husema "huenda ni tasa". 2,047 ni 23 mara 89, si tasa, na bado kwa msingi wa 2 inapita.

MUSA: Kwa msingi wa 2 hupita kila namba ya Mersenne yenye kipeo tasa. Ndiyo sababu ya 3.

REHEMA: 3 nayo si uthibitisho. Kadi ya michoro ya kompyuta aliyoitumia Luke Durant, aliyeipata ile namba kubwa, kule Dublin ilitoa ishara ya "huenda ni tasa" tarehe 11 Oktoba 2024. Mimi siku ya ugunduzi naihesabu tarehe 12, Lucas-Lehmer ilipomalizika San Antonio.

MUSA: Mimi tarehe 11. Lucas-Lehmer haina ukaguzi wenye nguvu kama ule.

REHEMA: Ikitoa sifuri, hakuna "huenda".

MUSA: Ikitoa sifuri bila kukosea.

REHEMA: Ndiyo maana ilirudiwa kwa programu na mashine tofauti.

MUSA: Huko nako ni kuamini mashine, dada.

REHEMA: Sikubali.

MUSA: Wala mimi. Zimebaki dakika ngapi?

REHEMA: Moja. Namba kamilifu hatuzifikii leo, usimbaji ndiyo kabisa.

MUSA: Basi wasikilizaji, chukueni 2,047: kipeo 11, hatua 9. Mwisho mnatakiwa mpate 1,736, si sifuri, kwa kuwa si tasa. Ikija nyingine, rudini mkaangalie kila mahali pa kutoa 2.