Bafa Huisha Kisimani Kwanza: pH Katika Chipu ya Mifereji Midogo

Wenzangu, tuanze na hesabu, maana ndiyo inayorukwa. Tuchukue chipu ya kioo ya kutenganisha ioni kwa umeme: mfereji wa upana wa mikromita 100, kina mikromita 50, na kisima kila upande. Kila kisima kina mikrolita 50 za bafa (myeyusho unaozuia pH, yaani kipimo cha asidi, isibadilike) ya fosfeti, milimoli 10 kwa lita, pH 7.2. Hapo pH imelingana na pKa, yaani pH ambayo asidi na besi za bafa ziko sawa, kwa hiyo mna nanomoli 250 za besi na 250 za asidi. Basi, hamna zaidi.

Washeni umeme wa volti mia kadhaa, ipite mikroampea 10. Kwenye anodi (elektrodi chanya) maji yanavunjika na kuacha ioni za hidrojeni. Kwenye kathodi (elektrodi hasi) yanaacha haidroksidi. Dakika 10 ni milikulombi 6. Gawanyeni kwa 96,485 ya Faraday (kulombi kwa kila moli ya elektroni): nanomoli 62 za asidi zimeingia kisima cha anodi. Besi imebaki 188, asidi imefika 312, pH ni 6.98. Mtu ataona ni kidogo. Lakini kufikia dakika 40 besi imekwisha kabisa, na pH inaporomoka.

Dalili huja mapema. pH ikishuka, kuta za kioo hupoteza chaji hasi, mkondo wa maji unaosukumwa na umeme unapungua, na vilele vya sampuli kwenye grafu ya kipimo vinachelewa kila mzunguko. Mkitumia fluoresini, rangi inayong'aa ikimulikwa, yenye pKa karibu 6.4, mwanga nao unafifia, na watu wanalaumu taa bure!

Wengi hukimbilia kuongeza ukali wa bafa hadi milimoli 100 kwa lita. Haisaidii. Kwa volti zile zile mkondo wa umeme nao unapanda karibu mara 10, asidi inayozalishwa inapanda vivyo hivyo, muda wa bafa kuisha unabaki ule ule, na joto juu yake. PBS (bafa ya fosfeti yenye chumvi nyingi) ni mbaya zaidi: chumvi yake inabeba umeme bila kulinda pH, na kloridi yake inaweza kutoa klorini kwenye anodi. Fosfeti ile ile ingekwisha kwa dakika chache tu.

Kinachosaidia ni ujazo. Kwa kisima cha mikrolita 200, dakika zile 10 zinashusha pH kwa 0.05 tu. HEPES, bafa nyingine, nayo inafaa, kwani ioni zake hazipitishi umeme mwingi. Tris, nayo ni bafa, ipimeni pH katika joto la kazi, kwani inashuka takribani 0.03 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayopanda.

Mkitilia shaka, tieni bromothimoli buluu, rangi ya kuonyesha pH, kidogo visimani: ikigeuka njano upande wa anodi, badilisheni bafa. Iwe imechujwa kwa kichujio cha mikromita 0.22 na kutolewa hewa, la sivyo viputo vitaziba mfereji. Badilisheni visima vyote viwili kwa pamoja, vijae kimo kimoja. Tofauti ya milimita 1 ni paskali 10, na hizo zinatosha kusukuma maji mferejini hata umeme ukiwa umezimwa.