Theluji Kama Sufu: Zaburi ya 147 Ukiwa Nje Kwenye Baridi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Fungueni Zaburi ya 147, mstari wa 16 mpaka wa 18. Mnauliza sana kama theluji ni baraka au ni adha, na mistari hii mitatu inakubali yote mawili. Wa 16 unasema Mungu hutoa theluji kama sufu. Wa 17 unauliza ni nani awezaye kusimama mbele ya baridi yake. Wa 18 unasema hulituma neno lake, theluji na barafu vikayeyuka. Wahubiri wengi huusoma wa 16 kisha wakaruka.

Tuanze na hiyo sufu. Tumezoea kudhani ni habari ya weupe tu, lakini sufu kazi yake ni nini? Haina joto lake yenyewe. Inashika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoroke. Theluji mpya ni hivyo hivyo, karibu sehemu tisa kwa kumi ni hewa. Ndiyo maana juu kunaweza kuwa nyuzijoto 20 chini ya sifuri, na udongo uliofunikwa na theluji nene ukabaki karibu na sifuri.

Humo ndimo inamolala ngano ya majira ya baridi. Hupandwa mapema, huota majani machache, kisha hufunikwa. Na baridi inaihitaji kwelikweli: isipopata wiki kadhaa za baridi ya wastani, itatoa majani tu, masuke yatachelewa au yasitoke kabisa. Baadaye theluji inayeyuka polepole na maji yananywewa na udongo. Isaya 55:10 inaitaja theluji pamoja na mvua, kwamba hairudi juu bila kuinywesha ardhi. Kwa hiyo wewe ambaye umeomba kwa miezi sita sasa na huoni kitu juu ya udongo, shika hapo.

Ila tusivuke mpaka. Ngano hiyo hiyo hufa mvua ikinyesha juu ya theluji kisha ikaganda, kwa sababu tabaka la barafu halipitishi hewa kama theluji, na mmea unakosa pumzi. Basi usimwambie kila anayeteseka kwamba Mungu anamkomaza. Mwingine anakosa hewa, anahitaji watu waende kwake leo.

Mstari wa 17 sasa. Mnaogopa theluji nene, lakini inayovunja watu nyonga ni barafu nyembamba isiyoonekana. Mchana theluji inayeyuka, usiku maji yale yanaganda, asubuhi njia inaonekana imelowa tu. Barafu iliyo karibu na sifuri huteleza kuliko ile ya baridi kali. Tembea hatua fupi, nyayo zikanyage bapa, uzito uwe juu ya mguu wa mbele, na mikono itoke mifukoni. Chumvi hushusha kiwango cha maji kuganda, lakini ile ya kawaida ikifika kama nyuzijoto 9 chini ya sifuri inachoka. Hapo mwaga mchanga. Hauyeyushi kitu, unakupa tu mshiko. Na chumvi usiirundike, inaua mimea ya kando.

Halafu hili nalisema kwa ukali: usiwashe mkaa ndani ya nyumba ili upate joto. Gesi yake haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi, na watu hawaamki. Gari nalo, kabla ya kuliwasha, ondoa theluji iliyoziba bomba la moshi. Kuyaacha hayo ukasema Bwana atanilinda ni lile jaribu la kujirusha kutoka kinara cha hekalu, Mathayo 4, na Yesu alilikataa.

Weupe wa Isaya 1:18, dhambi kuwa nyeupe kama theluji, ni kweli, jamani, ila ni wa theluji iliyoanguka sasa hivi. Ya barabarani siku ya pili ni tope jeusi.

Anayenifurahisha zaidi kwenye habari ya baridi ni Paulo. Barua ya pili kwa Timotheo inatoka kifungoni, sura ya 4. Mtu wa imani ile anaomba nini? Joho lake aliloliacha Troa, mstari wa 13. Kisha mstari wa 21: jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi. Si maneno ya adabu. Majira yale safari za baharini zilikuwa karibu zinasimama, na Matendo 27 inaonyesha kwa nini: muda ulikuwa umepita, Paulo akaonya kwamba safari itakuwa na hasara, nahodha akasikilizwa kuliko yeye, meli ikavunjika.

Kwa hiyo mwenye ndugu anayesafiri kwenda kwenye baridi, mwombee, na umfungashie. Nguo ya kugusa ngozi isiwe pamba, maana pamba hushika jasho na kukupoza. Iwe sufu au kitambaa kinachokauka haraka. Juu yake nguo ya joto, na ya nje izuie upepo. Viatu viwe na nafasi ya kuchezesha vidole. Na soksi za sufu avae jozi moja nene. Jozi mbili zikibana, damu haipiti, na miguu inaganda ikiwa imevaa.