Mbwa Aliyezunguka Nyumba: Mnyama wa Utotoni na Mhusika wa Hadithi

(Mhadhara kwa waandishi chipukizi, Mombasa)

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Waliovuka feri asubuhi hii nawapa pole ya ziada, maana foleni ya Likoni naijua.

Mwenyeji wetu aliponiuliza nitazungumzia nini, nilimjibu: mbwa. Akanipigia simu papo hapo. "Mwalimu, mbwa? Mombasa hii?" Nikamwambia ndiyo, hii hii. Najua huu ni mji wa paka. Ukishuka Mji wa Kale saa hizi utawakuta wamejinyoosha juu ya baraza za watu kama wenye nyumba, na hakuna anayewafukuza. Mbwa akikatiza mtaa uleule, watoto wanaokota mawe. Leo nataka tumzungumzie huyo anayetupiwa mawe, na namna anavyoweza kugeuka mhusika katika hadithi yako, hata kama hadithi yenyewe haina mbwa ndani yake.

Tuanze na wanyama tuliowarithi. Sungura mjanja, fisi mlafi. Sijawahi kusimuliwa habari za fisi mkarimu. Fisi wa ngano akitokea tu, mtoto wa miaka 5 anajua tumbo litamponza. Silaumu ngano kwa hilo, huo ndio ufundi wake: msimulizi ana usiku mmoja na watoto wanaosinzia, hana nafasi ya kumjenga fisi upya. Ninyi mnaandika riwaya. Mhusika ambaye msomaji amemmaliza kabla hajafungua mdomo atawachosha mapema, tena atawachosha ninyi wenyewe kabla ya msomaji. Fisi wa ngano ni fisi wote kwa pamoja. Mbwa wa kwenu hakuwa mbwa wote. Alikuwa na jina na visirani vyake, na kulikuwa na jambo moja alilolifanya ambalo mbwa wa jirani hakulifanya. Hilo ndilo ninalolitafuta.

Kuna mfano ambao karibu nyote mmeuvaa bila kujua. Mchoraji wa katuni Charles Schulz alizaliwa Marekani mwaka 1922, baba yake kinyozi, akakulia mji wa Saint Paul. Kwao kulikuwa na mbwa chotara mwenye rangi nyeusi na nyeupe, jina lake Spike. Spike alimeza pini, misumari midogo, hata nyembe, na akaendelea na maisha yake. Charles akamchora, mchoro ukapelekwa kwenye safu ya Ripley iliyokuwa ikikusanya maajabu ya dunia, nao ukachapishwa mwaka 1937. Kijana alikuwa na miaka 14, na ule ulikuwa mchoro wake wa kwanza kutoka gazetini.

Oktoba 1950 Schulz, sasa mtu mzima, alianza mfululizo wake wa katuni, Peanuts. Siku mbili tu baada ya kuanza akatokea kijibwa cheupe chenye masikio meusi: Snoopy. Mnamjua. Hata asiyewahi kusoma katuni hizo amemwona kwenye fulana za mtumba pale Kongowea.

Sasa tazameni mwandishi alivyochagua. Snoopy hali nyembe. Jambo lililompa Spike umaarufu ndilo Schulz alilolitupa. Alichokihifadhi ni kile alichokumbuka alipomzungumzia mbwa wake: werevu usiotawalika, mnyama ambaye humwambii kitu. Kutoka hapo akasogea polepole. Mwanzoni Snoopy alikwenda kwa miguu minne kama wenziwe. Mwaka 1952 tukaanza kusoma anachowaza. Muongo haujaisha, akawa anasimama kwa miguu miwili. Mwaka 1965 alipanda juu ya paa la kibanda chake akajiona rubani wa vita, na hakuna aliyeweza kumshusha. Schulz alifariki tarehe 12 Februari 2000, katuni yake ya mwisho ikatoka kesho yake. Karibu miaka 50 ya kazi, na mbwa wa utotoni bado hajamwisha.

Tena jina Spike halikupotea. Schulz alimpa kaka yake Snoopy, mbwa mkondefu anayeishi peke yake jangwani. Jina likaenda kwa mmoja, tabia kwa mwingine. Kwa hiyo hamlazimiki kumbeba mbwa mzima mzima.

Mtengeneza filamu George Lucas alibeba kidogo zaidi. Yeye alikuwa mtu mzima tayari, ana mbwa mkubwa wa manyoya aina ya Malamute aitwaye Indiana, aliyezoea kukaa kiti cha mbele cha gari, kando ya dereva. Mkao huo tu ndio uliomzaa Chewbacca, kiumbe mrefu wa manyoya aliye rubani msaidizi katika filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Chewbacca hana mkia wa kutikisa, na anabeba silaha. Jina la mbwa, nalo, alipewa mwanaakiolojia wa filamu nyingine mwaka 1981, Indiana Jones. Mbwa mmoja, ajira mbili! Wapo vijana hapo Kilindini wanaotafuta hata kibarua cha siku.

Sasa niwaambie wangu.

Nimelelewa Mtongwe, kwenye shamba la babu: minazi, mihogo, na kipande cha mahindi ambacho tumbili walihesabu ni chao. Kwa ajili ya tumbili hao babu alifuga mbwa. Nyumba ilikuwa ya Kiislamu, ya madhehebu ya Shafii kama nyingi za pwani hii, na mipaka ilikuwa wazi. Mbwa wa kulinda shamba, ruhusa. Mbwa ndani ya nyumba, hapana. Mate yake yakikugusa unaosha mara 7, moja kwa mchanga, na nyanya hakuwa mtu wa kudanganywa kwa mara 6.

Babu alimwita Karani, kwa sababu alikaa penye njia ya kuingilia shamba akimtazama kila apitaye kama anayemtia daftarini. Sikuwahi kumgusa kwa mkono. Nilikuwa na kijiti cha mpera nilichokisugua ncha mpaka ikawa butu, na alasiri babu akienda msikitini mimi nilikaa juu ya gogo la mnazi nikamkuna kwa kijiti kile: nyuma ya sikio lake lililochanika, halafu kushuka mgongoni mpaka karibu na mkia. Alifumba macho. Nikiacha, alifumbua jicho moja. Ukaribu wetu wote ulikuwa urefu wa kijiti, na bado sina hakika kama watoto wanaolala na mbwa kitanda kimoja wanawapenda mbwa wao zaidi.

Jioni nyanya alimmwagia ukoko wa wali na vichwa vya samaki kwenye sufuria kuukuu isiyo na masikio, akarudi nyuma. Karani hakula. Alinusa, akaondoka, akaizunguka nyumba yote: upande wa jiko, nyuma ya choo, chini ya dirisha la babu, akatokezea kisimani, ndipo akainamisha kichwa kula. Kila jioni mzunguko mmoja, upande uleule, mvua inyeshe au isinyeshe. Kuku wakiivamia sufuria naye yuko safarini, walidonoa watakavyo; akirudi alikula kilichobaki bila ugomvi. Hilo la kuku ndilo lililonishinda. Mbwa ana njaa, anawaachia kuku chakula chake, ili akaikague nyumba ambayo haruhusiwi kuingia?

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Babu yangu hakuwa mkali hata chembe. Aliwahi kumsaidia mwizi wa madafu kushuka mnazini kwa sababu kijana alishikwa na kizunguzungu huko juu. Karani alikuwa mkali kwa niaba yake.

Naomba nigusie jambo kwa adabu, na silifanyi kuwa sawa na hadithi za kubuni. Wanaosoma Suratul Kahf kila Ijumaa wanamjua mbwa mwingine. Aya ya 18 inamtaja akiwa amenyoosha miguu yake ya mbele penye kizingiti cha pango. Hakupewa jina pale, wala hatuambiwi rangi yake. Aya ya 22 inaeleza watu wanavyobishana idadi ya wale vijana waliolala pangoni: watatu na wa 4 wao ni mbwa wao, watano na wa 6 ni mbwa wao, saba na wa 8 ni mbwa wao. Hesabu ya watu inabadilika, mbwa yumo katika kila hesabu. Na alichokifanya ni kimoja: alilala mlangoni. Mimi kama mtu wa kalamu, nikifika hapo huwa nasimama, maana kuna wahusika wa kurasa 300 ambao hatuwakumbuki hata kwa hilo.

Tendo moja, basi. Hadithi yangu ilikuwa na mjane wa Majengo, nimwite Bi Mize, mwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha. Alinikwama. Alikuwa mpole, anasali, anajifunga leso zake, anangoja kodi, na ukimkata kwa kisu hatoki damu. Kila nilipomwongezea maneno alizidi kufa. Mwishowe nikampa mzunguko wa Karani. Wali ukipakuliwa, Bi Mize anaufunika kwa kawa, anainuka, anapita ukumbini, anatoka uani, anazunguka kwa nje mpaka chini ya dirisha la chumba cha mwisho, anarudi, ndipo ananawa. Wapangaji wameshazoea. Mmoja humdokolea nyama akiwa nje, naye hasemi.

Wasomaji walimwamini mara moja. Wengine walinijia: "Huyu ni mama yangu mkubwa, ulimjulia wapi?" Huwa nacheka tu. Kwetu ukimwambia mtu kwamba mama yake mkubwa umemtoa kwa mbwa, mtapelekana kwa mzee wa mtaa.

Lakini kumpa tendo ilikuwa nusu ya kazi, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema andika unachokikumbuka. Karani hakuwahi kuacha kuzunguka. Kumbukumbu yangu inaishia hapo, ni nzuri, na haina hadithi. Hadithi ilianza nilipojiuliza: ni jioni ipi angekula kwanza? Ingetokea nini hata asizunguke? Mbwa hakunijibu, kwa hiyo ilinibidi nibuni. Bi Mize alikuwa na mtoto wa mwisho, mpenda kuchelewa, na mwanamke yule miaka yote alikuwa akihakikisha dirisha la kijana halijafungwa kwa ndani. Kijana akapata kazi Qatar. Jioni ile chakula kilipopakuliwa Bi Mize alinawa, akala. Sikuandika kwamba alihuzunika. Niliandika kwamba wali ulikuwa bado unatoa mvuke. Kama msomaji amemwona akizunguka mara mbili tatu kabla yake, bila mimi kumweleza sababu, mvuke ule unamtosha. Ukimweleza mapema, umemharibia.

Nina onyo kuhusu kifo. Nawajua. Mtoto wa hadithi akipewa mbwa ukurasa wa kwanza, mbwa huyo atagongwa na matatu kabla ya ukurasa wa 10, na mtoto atalia chini ya mwembe. Nimeshasoma hizo za kutosha. Kifo cha mbwa kinamliza msomaji bila jasho lako, na machozi ya bure hayamjengi mhusika. Anayetaka kuona kinavyofanywa atazame utenzi wa Homer wa Wagiriki wa kale. Shujaa wake, Odysseus, anarudi kwake baada ya miaka 20, amejigeuza ombaomba ili maadui wasimjue. Mbwa wake Argos, aliyemlea mwenyewe kabla ya kwenda vitani, amelala juu ya samadi, amejaa wadudu, hawezi kusimama. Anamtambua. Anatikisa mkia, anashusha masikio. Odysseus hawezi hata kumwita, maana siri itafichuka. Anafuta chozi upande, anaingia ndani. Ndipo mbwa anakufa. Mistari michache tu! Na kifo chenyewe hakitikisi kama kule kutoweza kumwita. Argos ana kazi katika hadithi, na anaifanya akiwa hai.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada. Anauliza, asiyewahi kufuga mbwa afanyeje? Azima wa watu. Mwandishi Mmarekani Jack London alikwenda kutafuta dhahabu Klondike, Kanada, mwaka 1897, akakutana huko na mbwa wa ndugu wawili waliokuwa na kibanda mjini Dawson. Hakuwa wake. Mwaka 1903 mbwa yule alikuwa Buck, mhusika mkuu wa riwaya The Call of the Wild, na riwaya ikampa London umaarufu. Paka anafaa pia, mbuzi anafaa, hata kunguru hawa wanaotusumbua, ilimradi uwe umemtazama mmoja kwa muda mrefu, si kunguru kwa jumla.

Sasa toeni karatasi. Andikeni tendo moja la mnyama mmoja mliyemjua utotoni, tendo ambalo mpaka leo hamna maelezo yake. Andikeni alikanyaga wapi, alipita upande gani, nani alikuwa akitazama. Chini yake mwandike jina la mtu, si la mnyama, na kazi anayoifanya mtu huyo hapa mjini: makanga, mshona kanzu, muuza mahamri, yeyote. Halafu mumpe tendo lile. Mna dakika 15, nami nitapita kati ya viti nikisoma juu ya mabega yenu. Neno "mwaminifu" nimelipiga marufuku mpaka saa sita.