Kiti cha Mhariri: Mazungumzo na Wanafunzi wa Historia, Iringa

Kamwene! Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana. Na ninyi vijana wa mwaka wa pili na wa tatu, mlioniita hapa, nawasalimu.

Barua yenu ya mwaliko iliniomba nieleze namna ya kuanzisha jarida la historia la wanafunzi wa shahada ya kwanza. Maswali mengi yalihusu fedha na uchapaji. Hayo nitayapita haraka. Toleo la kwanza linaweza kuwa faili moja la kusomeka kwenye simu, na nakala chache za karatasi kutoka steshenari, zimebanwa pini, basi. Mimi kinachonihangaisha ni yule atakayekaa kwenye kiti cha mhariri.

Pepa ya darasani ina msomaji mmoja, naye analipwa kuisoma. Akimaliza anaandika 17 juu ya 20, pepa inaingia kabatini. Mwandishi analijua hilo tangu mwanzo, ndiyo maana anaandika kile anachoamini mwalimu anataka kukisikia. Mhariri mwanafunzi ndiye msomaji wa kwanza asiyegawa maksi. Hawezi kukufaulisha wala kukupa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Alichonacho ni swali tu: umejuaje?

Kazi hii ina wenyewe hapa nchini. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda kwenye maeneo yaliyopigana Vita vya Majimaji wakiwa na madaftari na orodha ya maswali. Nyuma yao walikuwapo wanahistoria akina John Iliffe na Gilbert Gwassa. Vita vilianza 1905, kwa hiyo aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati ule alikuwa na miaka 78 walipomkuta. Ripoti zao zilipigwa taipu, na hadi leo anayeandika kwa makini juu ya Majimaji, awe Dar es Salaam au Berlin, lazima azipitie. Walioketi na wazee wakawasikiliza walikuwa vijana wa umri wenu, ambao bado walikuwa na mitihani ya kufanya.

Mwaka uliofuata, palepale chuoni mlimani, wengine walianzisha Cheche. Hilo halikuwa jarida la historia. Lilikuwa la siasa, la mrengo wa kushoto, na mmoja wa wahariri wake, Karim Hirji, alikuwa mtu wa hisabati. Wenzake walikuwa Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1970 walitoa toleo maalumu lenye makala ndefu ya msomi wa sheria Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka nchini, na kabla mwaka haujaisha jarida likapigwa marufuku. Wanafunzi hawakukaa kimya; likatokea jingine, wakaliita Maji Maji. Nawatajia haya si ili mtafute kupigwa marufuku. (Kicheko.) Nataka muone kwamba mwanafunzi akihariri kwa uzito, watu wazima wanasoma, tena wengine wanasoma kwa wasiwasi.

Nje pia yapo mengi. Wanafunzi wa Berkeley, Marekani, wanalo Clio's Scroll. Wa Stanford wanalo Herodotus. Wanafunzi ndio wanaosoma makala za wenzao na ndio wanaoamua.

Sasa tuchukue sentensi moja. Nimeitunga mwenyewe, ila nimeshasoma ndugu zake wengi: "Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa Kalenga kutokana na Mkataba wa Versailles." Mkwawa ndiye mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na Kalenga ndiyo iliyokuwa ngome yake. Sentensi inateleza vizuri. Mwalimu mwenye rundo la pepa za kusahihisha ataipita na kuweka vema. Mhariri anasimama. Ni kweli, kifungu cha 246 cha mkataba ule wa 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Lakini fuvu lilirudi 1954. Kuna miaka 35 hapo ambayo sentensi imeimeza bila kutafuna. Ujerumani ilijibu nini? Waingereza walilegea wapi, na kwa nini Gavana Edward Twining akaja kulishughulikia upya miaka ya hamsini, hata akaenda mwenyewe Bremen kulichagua miongoni mwa mafuvu yaliyokuwa kwenye jumba la makumbusho? Tena alijuaje kuwa ndilo? Wapo wanahistoria wanaoliuliza swali hilo mpaka leo, japo ukiliuliza kwa sauti kubwa pale Kalenga unaweza kukosa chakula cha mchana. Mwandishi alidhani anaandika sentensi ya kuvukia, kumbe amepita juu ya makala nzima.

Mhariri aliyeliona hilo asishike kalamu akaandika upya. Amwandikie mwenzake barua fupi: aya ya tatu, umejuaje, na miaka hii 35 iko wapi? Makala ibaki ya mwenyewe. Nimeona majarida ambamo makala zote sita zinasikika kama zimeandikwa na mtu mmoja, na kwa kweli ziliandikwa na mtu mmoja, mhariri mkuu.

Majina ya waandishi yaondolewe kabla makala haijasomwa. Wasome wawili, wakitofautiana aitwe wa tatu. Mhariri akiwa na makala yake, atoke nje ya kikao, na asirudi mpaka imeamuliwa. Chuo chetu ni kidogo. Unayemkatalia makala leo jioni unalala naye chumba kimoja Kihesa. Ndiyo maana uamuzi uwe na sababu zilizoandikwa. Kisha kuna tanbihi. Kila tanbihi, fungua kitabu, fungua ukurasa, angalia kama maneno yapo. Mtakuta kitabu ambacho mwandishi hajawahi kukishika, amekidesa kutoka kwenye tanbihi ya mwingine aliyekidesa pia. Kazi hii inachosha na hakuna atakayewapigia makofi.

Nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kuja. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi akafa huko Ismani. Aliyempiga ni mkulima, Saidi Mwamwindi, wakati serikali ikisukuma watu kwenye kilimo cha ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kifo. Aliyekuwa na miaka kumi siku ile sasa amepita sitini. Wapo, ukienda utawakuta. Na jamaa za pande zote mbili wapo.

Atatokea mwanafunzi wa mwaka wa tatu mwenye bibi Ismani. Atakwenda likizo, atarekodi kwa simu, ataandika makala ambayo hakuna profesa yeyote duniani angeweza kuiandika. Mtaifurahia sana. Hapo ndipo mhariri anapaswa kupoa kidogo. Bibi alijua kuwa maneno yake yatachapishwa? Alikuwa akiongea na mjukuu, hakuwa akiongea na jarida. Mwandishi arudi, amsomee bibi alichokiandika, aombe ridhaa upya, na bibi akisema jina langu liondoe, liondoke. Wahariri wawe nalo kwenye faili lao, lakini ukurasani kibaki kijiji, mwaka wa mazungumzo na umri wa msimulizi, ili msomaji aweze kupima. Bibi akisema jirani fulani ndiye aliyechoma maneno kwa wakubwa, mdomo mmoja hautoshi kumchapisha mtu. Atafutwe wa pili, au jina lisitoke.

Halafu bibi ameongea Kihehe, akachanganya Kiswahili. Mjukuu ameandika Kiingereza, maana ndicho cha darasani. Nawasihi, maneno ya bibi yawekwe kwenye tanbihi kama alivyoyatamka. Mtafiti wa mwaka 2070 atataka kusikia alichosema bibi, si alichoelewa mjukuu wake.

Limebaki tatizo mnalolijua wenyewe: mnamaliza chuo. Jarida la wanafunzi linaua wahariri wake kila mwaka, tena wale wazuri, maana ndio kwanza wameijua kazi. Kwa hiyo mhariri mkuu wa mwaka wa tatu akae na msaidizi wa mwaka wa pili tangu muhula wa kwanza. Barua pepe iwe ya jarida, isiwe ya mtu. Rekodi za sauti zisibaki kwenye simu ya mtu anayekwenda kufundisha Ludewa. Na faili la makala zilizokataliwa, pamoja na sababu zake, likabidhiwe kabla ya mitihani ya muhula wa pili. Baada ya pepa ya mwisho kila mtu anawahi basi na hamtampata.

Haya, nani anaanza kuuliza? Wewe wa nyuma kule, simama tukusikie.