Kusamehe umeshasamehe, mbona bado inauma?

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Wazazi wangu, ndugu zangu wa Mtwara, na nyie mliotoka Masasi na kule Lindi, asanteni kwa kuja.

Leo nina neno moja tu, na nawaomba sana mashehe na wachungaji mlioko hapa mbele mnisikilize maana watu wanawaamini nyie kuliko sisi wa saikolojia. Mtu akija kwenu analia, kadhulumiwa mikorosho ya marehemu baba yake na kaka yake wa tumbo moja, alishasema mbele za wazee nimesamehe, halafu msimu ukifika anaona magunia yanaingia ghalani kwa jina la mwenzie na roho inamuuma upya, msimwambie imani yako ndogo. Hapana jamani, mnamuumiza mara mbili.

Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Everett Worthington, ni Mkristo, tayari alikuwa mtafiti wa haya haya mambo ya msamaha pale mama yake alipouawa na mwizi aliyevunja nyumba, mwanzoni mwa 1996. Mwenyewe amesimulia hasira ilivyompanda mpaka akatamani kumpiga muuaji na gongo. Akasamehe. Na anachotufundisha ni kwamba kuna kuamua, yaani silipizi kisasi basi, na kuna moyo wenyewe kupoa, na huu wa pili unaweza kuchelewa sana. Yeye na mwenzie Michael McCullough walionyesha mwaka 1999 kwamba watu wa dini wanauthamini msamaha kuliko wengine, ila ukiwauliza habari ya mtu mmoja aliyewakosea, tukio moja lenyewe, ile tofauti inakuwa ndogo mno. Mimi naona hapo ndo viongozi wetu wana kazi, mimbarini tunasikia samehe, samehe, ila njia ya kufika huko hatuonyeshwi.

Na vitabu vinaionyesha! Mchukueni Nabii Yusuf, wetu sote huyu. Kaka zake walimtupa kisimani, akauzwa, miaka ikapita, wakaja Misri kutafuta chakula. Hakuwakumbatia siku ile ile. Kwenye Mwanzo sura ya 42 aliwaweka kifungoni siku tatu, akawapima kama wamebadilika, na aliposikia wanajutia akajitenga kando akalia. Alilia, nabii wa Mungu! Ndipo baadaye, Surat Yusuf aya ya 92, akawaambia leo hapana lawama juu yenu. Sasa nani atasema Yusuf imani yake ilikuwa ndogo kwa sababu alilia kwanza?

Mwili nao unahusika. Charlotte Witvliet na wenzake, 2001, waliwapima wanafunzi 71 huku wakimfikiria mtu aliyewaumiza, na wakati wa kuweka kinyongo mapigo ya moyo na presha vilipanda zaidi kuliko wakati wa kuwaza kusamehe. Kwa hiyo kinyongo tusikibembeleze.

Ila kusamehe sio kuachia shamba. Mama zangu mnaoambiwa ukidai mpaka wako hujasamehe, nendeni baraza la kata, nendeni na wazee wanaojua baba alipanda mpaka mti gani, mdai kwa upole, na usiku muwaombee dua hao hao mnaowadai.

Haya, maswali, tuanze na yule mama kule nyuma.