Msiulize Mshahara, Ulizeni Mtakula Wapi

Mwenyekiti, ahsante. Walimu wangu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Naanza na mshahara ili tumalizane nao. Najua ndio uliowaleta nusu yenu, na nusu iliyobaki imeletwa na soda. Kazi tunayoizungumza ni ya kufundisha Kiingereza katika shule za Japani. Mpango wa serikali ya huko unaopeleka vijana wa kigeni kazi hiyo, unaoitwa JET, ulianza mwaka 1987 na washiriki 848 kutoka nchi nne: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Kuanzia 2012, kwa miaka zaidi ya kumi, ulilipa yeni milioni 3.36 kwa mwaka wa kwanza. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na hauvuki miaka mitano. Makampuni binafsi yanayopeleka walimu mashuleni mara nyingi hulipa chini ya hapo, na mengine hukata mshahara mwezi wa Agosti kwa hoja kwamba watoto wako likizo. Mmeandika? Haya, fungeni madaftari.

Swali ninalotaka muulize kabla ya kutia sahihi ni hili: mchana nitakula wapi? Nimelisema Nairobi, nimelisema Kisumu, nimelisema kwenye harusi ya binamu yangu mpaka shangazi akaninyang'anya kipaza sauti. Leo shangazi hayupo.

Nilifundisha mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa Japani, kwenye theluji. Kazi yangu ilikuwa mwalimu msaidizi wa lugha, cheo ambacho kila mtu huko hukitaja kwa herufi tatu, ALT. Shikeni hilo neno msaidizi. Kisheria mwenye somo ni mwalimu wa Kijapani aliye na leseni. Wewe unasimama kando yake, unasoma sentensi, watoto wanarudia. Unasoma tena, wanarudia tena. Tangu Aprili 2020 Kiingereza ni somo kamili kwa darasa la tano na la sita, vipindi 70 kwa mwaka. Darasa la tatu na la nne wana vipindi 35, zaidi michezo na nyimbo. Kipindi cha shule ya msingi ni dakika 45. Na wewe hukai shule moja, unazunguka mbili, tatu, wengine zaidi. Pigeni hesabu wenyewe mtoto mmoja anakuona mara ngapi, na katika dakika hizo 45 anasema nawe peke yake kwa sekunde ngapi akiwa mmoja wa watoto thelathini.

Kisha inagonga saa sita na robo. Meza zinageuzwa, zinatazamana kwa makundi. Watoto wa zamu wanavaa makoti meupe, kofia na barakoa, wanaleta masufuria kutoka jikoni, wanapakua. Mwalimu wa darasa anakula hapohapo, chakula hichohicho. Ndani ya hiyo nusu saa hakuna kitabu wala mtihani, na mtoto ana jambo anataka kukwambia.

Nasikia mtu huko nyuma: "Mwalimu, hata sisi tulikula shuleni. Tulipiga foleni ya githeri." Mlipiga, ndiyo. Na mwalimu wenu alikuwa wapi? Alikuwa ofisini, anakula chakula kilichopikwa sufuria nyingine. Nani hapa aliwahi kula meza moja na mwalimu wake wa hesabu? Mikono juu. Naona mkono mmoja, na huyo babake ndiye aliyekuwa mwalimu.

Kule mwalimu mkuu ndiye wa kwanza kula, lakini si kwa heshima. Sinia yake hupelekwa kama nusu saa kabla ya watoto, aonje, aone kama kuna harufu mbaya au kitu kigeni ndani, halafu aandike kwenye kitabu kwamba chakula ni salama. Kazi yake ni ileile ya mwonjaji wa sultani. Mimi nilikuwa na mkuu mmoja mwenye ucheshi, kila akimaliza anatoka mlangoni na kujipapasa kifua kuwaonyesha watu wa ofisini kwamba bado yuko hai.

Na chakula hicho kina historia yake. Wajapani wenyewe huihesabu kuanzia mwaka 1889 mjini Tsuruoka, mkoa huohuo wa Yamagata, katika hekalu la Daitokuji, ambako watoto wa familia maskini walipewa matonge ya wali, samaki wa kuchoma na mboga za chumvi. Sheria ya chakula cha shule ni ya 1954. Wali wenyewe uliingia rasmi mwaka 1976, maana baada ya vita watoto walilishwa mkate na maziwa. Mtaala wao unakihesabu chakula cha mchana miongoni mwa shughuli za darasa. Kwao hicho ni kipindi, ndiyo maana mwalimu haondoki.

Sasa kisa changu, na wanaokijua wavumilie. Siku moja asubuhi darasa la sita tulikuwa na somo la kuuliza mtu anataka kiasi gani. Tulisoma, tukarudia, tukacheza na picha za vyakula. Hakuna aliyejali jibu, maana picha hailiwi. Mchana nikafika mbele ya sufuria ya supu na bakuli langu. Kijana wa zamu akachota upawa. Nikaondoa bakuli. Akanitazama. Nikamtazama. Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika, mtu akamsukuma mwenzake. Kijana akasogeza upawa, nami nikasogeza bakuli. Mwishowe msichana mmoja akamnong'oneza sikioni, na kijana akauliza kwa Kiingereza, sauti ndani ya barakoa: kubwa au ndogo? Nikajibu: ndogo, tafadhali. Akanijazia pomoni.

Ndiyo, chekeni. Alikuwa amesikia kila neno! Ilikuwa supu ya mboga asiyoipenda mtu, na sufuria ilipaswa kurudi tupu. Nikamrudishia nusu, nikamwambia tena: ndogo. Akapunguza tone moja. "Sasa?" akauliza. Bado. Tone jingine. Pale tulijadiliana bei kama tuko sokoni Kongowea, kwa Kiingereza kibovu cha pande zote mbili, na darasa zima likawa linaingilia. Kesho yake walikuwa wananingoja. Wiki iliyofuata wakaanza kuulizana wao kwa wao, na mwenye kisahani cha samaki naye akajitia, na wa maziwa, ambaye hana cha kuuliza kwa sababu kila mtoto hupata pakiti moja ya mililita 200, naye akauliza tu asipitwe.

Mwalimu wa darasa akanijia ofisini. Kwa adabu sana, na karatasi mkononi. Kupakua ni dakika kumi, alisema, na sasa tunafika ishirini. Tukichelewa kula, usafi unachelewa. Usafi ukichelewa, kipindi cha tano kinachelewa. Alikuwa sahihi, na nilimpenda kwa ile karatasi. Tukakubaliana: mimi niulizwe kila siku, darasa zima waulizane Ijumaa tu. Hivyo ndivyo Ijumaa ikawa siku ambayo watoto wale walitumia Kiingereza kupata kitu wanachokitaka, au kukwepa wasichokitaka, na nyinyi mliosomea ualimu mnajua hakuna zana ya kufundishia inayoshinda hiyo.

Hapa Pwani kila nikifika mahali hapa mama mmoja huuliza: na nguruwe je? Swali zuri. Yumo, na hufichama. Kila mwezi shule hutoa karatasi ya vyakula vya mwezi unaofuata, imeorodhesha viungo siku kwa siku. Isome, au msomeshe mwenzako mpaka akuelewe. Yamagata wana mchuzi wao wa viazi vya majimbi, imoni, chakula cha vuli kinachopikwa hata kando ya mito. Bara huupika kwa nyama ya ng'ombe na sosi ya soya, na upande wa Shonai, pwani, kwa nyama ya nguruwe na miso, rojo ya soya iliyochachushwa. Watu wazima hugombana juu ya jambo hilo mpaka saa za kulala. Mimi siku za samaki na tofu nilikula sinia yao, siku nyingine nilibeba changu kutoka nyumbani, na Ramadhani nilikaa nao bila kula. Waliniuliza kama hata maji siwezi. Wakaulizana wenyewe mtu anaishije. Hakuna aliyenifukuza mezani kwa kukosa sinia. Kinachotakiwa ni ukae.

Ila ukarimu wetu uacheni mlangoni. Usimpe mtoto chakula chako, hata kama ni kitamutamu unachojua anakitaka. Mwaka 2012, mji wa Chofu mkoani Tokyo, mtoto wa darasa la tano mwenye mzio wa maziwa alifariki baada ya kuongezewa chakula chenye jibini. Kuongezewa tu. Tangu hapo shule zimekaza zaidi, na ziko sahihi kukaza. Vilivyobaki hugombaniwa kwa janken, ule mchezo wa ngumi, mkasi na karatasi, chini ya macho ya mwalimu. Wewe cheza, ushindwe, urudi kiti chako.

Kwa nini basi nawasumbua na mkataba? Kwa sababu meza hiyo inaweza kuuzwa bila wewe kujua. Walimu wa kampuni wako katika mafungu mawili. La kwanza ni la kukodishwa: kampuni inakutoa kwa halmashauri ya elimu, na shule inaweza kukuelekeza kazi moja kwa moja. La pili ni la kandarasi: halmashauri inanunua huduma ya vipindi, na anayekupa maelekezo ni kampuni peke yake. Katika hali hiyo mwalimu mnayesimama naye mbele ya watoto haruhusiwi kukwambia leo tuanze na wimbo. Akikuelekeza, sheria ya kazi inaiona hiyo ni kandarasi bandia. Mmesikia? Watu wawili, ubao mmoja, na mmoja hatakiwi kumwambia mwenzake afanye nini! Yote lazima yapite kwenye kampuni, mapema, kwa maandishi.

Na kampuni inayouza vipindi inahesabu vipindi. Mwenzangu mmoja, mwalimu hodari kunipita, mkataba wake uliiandika saa ya mchana kuwa mapumziko yake binafsi. Akaambiwa asikae na watoto, lisije likaonekana yuko kazini. Akawa anakula tonge la wali la dukani ndani ya chumba cha mikutano, peke yake, mlango umefungwa. Watoto walidhani yeye hawapendi. Naye akadhani ndivyo Wajapani walivyo, wakimya, wa mbali. Akarudi nyumbani na maneno hayo, na leo anayahubiri. Nimemwambia mara nyingi: ndugu yangu, hukuishi na Wajapani, uliishi na mkataba wako.

Mtaniambia wenye kandarasi nao wanakula, fulani anakula na darasa kila siku. Wako wengi, nawajua. Shule nyingine haina habari na karatasi hizo, mkuu anasema karibu, basi. Hata hao wa kula peke yao, wengi wao ni walimu wazuri. Lakini mimi nazungumza na nyinyi ambao hamjatia sahihi bado, ambao mnaweza kuuliza bila kupoteza kitu.

Mwenyekiti ameshaangalia saa, basi naenda mbio. Usafi: baada ya chakula shule nzima hufagia na kufuta, muziki unapigwa, naibu mwalimu mkuu amepiga magoti na kitambaa. Kupiga deki kwetu mara nyingi ni adhabu ya waliochelewa. Kule ni zamu ya kila mtu, kwa hiyo chukua kitambaa. Viatu: unavua mlangoni, unavaa vya ndani, na vya chooni ni vingine, visikufuate ukumbini. Zawadi: ukisafiri, rudi na vibiskuti vya wafanyakazi wote, kimoja kimoja mezani. Agosti: kwa mikataba ya JET watoto wako likizo na wewe uko ofisini unatazama feni. Machi: uhamisho wa walimu hutangazwa mwishoni mwa mwezi, na ofisi uliyoizoea Aprili inakuwa ya wageni. Hilo la uhamisho nilitaka kulisema kwa kirefu, muda hautoshi leo.

Kuna aliyeniandikia kikaratasi: Mkenya anakubaliwa? Kufundisha lugha ya kigeni unatakiwa uonyeshe umesomeshwa kwa lugha hiyo miaka 12 au zaidi. Aliyepita mfumo wa 8-4-4 akafika chuo anaweza kulijenga hilo, lakini atunze vyeti vyote tangu shule ya msingi, na barua ya shule ikisema alifundishwa kwa Kiingereza. Barua hiyo itafuteni sasa, mwalimu mkuu wenu akiwa bado hajastaafu.

Kikaratasi kingine kinauliza kama watoto wanajua Kenya iko wapi. Mji wa Nagai, Yamagata, ulikuwa mwenyeji wa Tanzania kwa Olimpiki ya Tokyo, kwa hiyo mkoa ule ukiwa Mwafrika unayejua Kiswahili wewe ni Mtanzania, imekwisha. Nilisahihisha mwanzoni. Baadaye nilianza kuitikia.

Haya, maswali. La mshahara nimeshalijibu.